Hopsi zipi za uchungu na zipi za harufu kwa peli eli ya nyumbani?

Mrombo wa Denver

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua tangu nianze kupika bia nyumbani hapa Denver, nalo ni namna ya kuchagua hopsi (yale maua ya mmea yanayotiwa katika bia) za kuleta uchungu na hopsi za kuleta harufu katika bia ya aina ya peli eli (pale ale). Nimekwisha kupika mara nne. Hamira hainipi taabu tena, usafi wa vyombo nimeuzoea, na joto la kuchachushia nalimudu kwa kuiweka ndoo katika chumba cha chini ya ardhi, lakini kila ninapofika kwenye hopsi hujikuta nakisia.

Mara ya mwisho nilipika lita 20 kwa kilo 4.2 za kimea cheupe na gramu 300 za kimea cha karameli, na hidromita, ile inayopima uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na maji matupu, ilisoma 1.050 kabla sijatia hamira. Hopsi zilikuwa Cascade peke yake, kutoka pakiti iliyoandikwa asidi za alfa asilimia 5.8. Nilitia gramu 28 maji ya kimea yalipoanza kuchemka, gramu 28 nyingine zilipobaki dakika 30 kabla ya kuzima moto, na gramu 28 za mwisho zilipobaki dakika 15. Kikokotoo cha kwenye simu kilinipa uchungu wa IBU 42 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), ambao uko ndani kabisa ya kiwango cha 30 hadi 50 kinachotajwa kwa peli eli ya Kimarekani. Bia iliyotoka ilikuwa safi, ila utamu wa kimea ulitangulia, uchungu ukawa hafifu kuliko nilivyotarajia, na ile harufu ya balungi ambayo watu huisifia Cascade niliipata kwa shida, baada ya kuinusa glasi mara tatu.

Naomba kujua kama aina moja ya hopsi inaweza kufanya kazi zote mbili, au ni lazima ninunue mbili, na nitie kiasi gani kwa wakati gani. Nina swali jingine ambalo huenda likaonekana la kando, lakini kwangu lina uzito. Bibi yangu kule Rombo alikuwa akitia unga wa gome la msesewe kwenye ulezi wa mbege ili kuupunguza utamu wa ndizi, na ulimi wangu ulijifunza uchungu wa pombe hapo. Je, kuna mtu aliyewahi kutumia msesewe katika bia ya shayiri?

Mama Shayiri (Portland, Oregon)

Ndugu Mrombo, karibu sana, na hongera kwa kuandika vipimo vyako vyote, kwa sababu bila hivyo tungebaki kupapasa gizani. Tatizo lako naliona katika saa ulizotia hopsi kuliko katika aina uliyochagua, hivyo naomba nianze na saa.

Ndani ya koni ya hopsi mna chembechembe za unga wa manjano unaonata, na katika unga huo mna vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni asidi za alfa, ambazo zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri kwenye maji wala hazina uchungu wa kutosha. Zinapochemshwa kwa muda mrefu, molekuli zake hujipanga upya na kuwa asidi za aina nyingine zinazoyeyuka, na hizo ndizo uchungu wa bia. Cha pili ni mafuta yenye harufu, kama mirsini, linaluli na geranioli, ambayo hupaa na mvuke upesi, na dakika chache za kuchemka kwa nguvu hutosha kuyapunguza sana. Kwa hiyo moto uleule unaokupa uchungu ndio unaokunyima harufu. Anayetaka vyote viwili hana budi kutia hopsi mara mbili, nyingine mapema sana na nyingine mwishoni kabisa.

Sasa tazama ulichofanya wewe. Hopsi zako za dakika 30 zimechemka muda mrefu mno kubaki na harufu na muda mfupi mno kutoa uchungu wake wote, na zile za dakika 15 zimepata nafuu kidogo tu. Theluthi mbili za pakiti yako zimeingia mahali ambapo hazifanyi kazi yoyote kwa ukamilifu. Mapishi mengi ya zamani yaliandikwa hivyo, na sikulaumu kuyafuata, lakini kwa peli eli inayotaka kunukia mimi nimeyaacha kabisa.

Kuhusu aina, ushauri wangu ni huu. Uchungu uchague kwa hesabu, harufu uichague kwa pua. Kwa uchungu nunua Magnum, hopsi yenye asili ya Ujerumani ambayo kwa kawaida ina asidi za alfa kati ya asilimia 11 na 16. Uchungu wake ni laini, hauachi mkwaruzo kooni, na kwa kuwa asidi zake ni nyingi utahitaji gramu chache, hivyo sufuria haitajaa majani yanayokunywa maji yako ya kimea. Tuseme pakiti imeandikwa asilimia 12. Gramu 20 zina miligramu 2,400 za asidi, ambazo ukizigawa kwa lita 20 unapata miligramu 120 kwa lita. Katika maji ya kimea yenye uzito wa 1.050, hesabu ya Tinseth inayotumiwa na vikokotoo vingi huchukulia kwamba kuchemsha dakika 60 hugeuza na kubakiza takriban asilimia 23 ya asidi hizo, kwa hiyo utapata IBU karibu 28. Ungetaka uchungu huohuo kwa Cascade ya asilimia 6 ungehitaji gramu 40, na harufu ya gramu zote 40 ungekuwa umeipeleka angani.

Cascade yako iweke mwishoni. Hopsi hii ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972, baada ya kukuzwa hapa Oregon katika mpango wa utafiti wa idara ya kilimo ya Marekani, na Fuggle ya Uingereza imo katika ukoo wake. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kiliitumia katika Liberty Ale, na mwaka 1980 Sierra Nevada ya Chico, California, ikaanza kupika peli eli ambayo harufu yake ni Cascade. Watu wengi wakisema peli eli ya Kimarekani wanakumbuka harufu hiyo ya balungi na maua, na ndiyo unayoitafuta wewe. Tia gramu 30 zikibaki dakika 10, kisha zima moto, poza hadi nyuzi 80 hivi, tia gramu 40, funika, na uache dakika 20 kabla ya kuendelea kupoza. Katika joto hilo mafuta huyeyuka lakini hayapai kwa kasi ile ya kuchemka, na uchungu unaoongezeka ni mdogo.

Fundi Kimea (Leeds, Uingereza)

Nakubaliana na Mama Shayiri katika mengi, lakini kuna jambo moja ambalo halijatajwa, nami naamini ndilo lililomfanya ndugu yetu aonje uchungu hafifu wakati kikokotoo kinasema 42. Ndugu Mrombo, wewe unaishi Denver, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Yeyote aliyewahi kupika maharage nyanda za juu anajua maana yake, kwamba sufuria inatokota vilevile lakini chakula kinachelewa kuiva. Asidi za alfa nazo huchelewa. Mgeuko wake hutegemea joto sana, na kwa hesabu yangu kutoka nyuzi 100 hadi 95 kasi yake hupungua kwa takriban theluthi moja. Hesabu ya Tinseth iliundwa kutokana na vipimo vya nyanda za chini, na haikuulizi unaishi wapi.

Ukichemsha dakika 60 huko kwako, utapata kama robo tatu ya uchungu ulioandikiwa. IBU 42 za kwenye simu huenda zilikuwa 30 au pungufu katika glasi, na ukichanganya na karameli uliyotia sishangai kwamba utamu ulitangulia. Dawa ziko mbili. Unaweza kuongeza hopsi za uchungu kwa theluthi moja, yaani gramu 27 za Magnum badala ya 20, au unaweza kuchemsha kwa dakika 90, ambazo kwa hesabu hiyohiyo hukurudisha karibu kabisa na pale ambapo dakika 60 zingekufikisha ukiwa pwani. Ukichagua dakika 90, pima kwanza sufuria yako hupoteza maji kiasi gani kwa saa. Ikiwa ni lita 4, anza na lita 2 zaidi ya kawaida. Wenzetu wa Nairobi wanaosoma hapa wazingatie kwamba wao wako juu zaidi ya Denver.

Mahali ninapotofautiana na dada yangu wa Portland ni kwenye kauli kwamba uchungu ni hesabu tu. Huku peli eli ilikua mikononi mwa wapishi wa Burton upon Trent, na mpaka leo wapo wanaotia Goldings ya Kent Mashariki tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa asidi zake ni asilimia 4 hadi 6 tu na inabidi zitiwe nyingi. Mimi nimepika bia ileile mara mbili, moja kwa Magnum na nyingine kwa Goldings, nikalenga uchungu sawa kwa hesabu, na familia yangu ilizitofautisha bila kuambiwa. Ya Goldings ilikuwa na uchungu wa mviringo, kama wa chai iliyokolea, na kitu fulani cha udongo na asali kilibaki ulimini. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba aina moja inaweza kufanya kazi zote mbili, mradi ukubali gharama yake na ujue unatafuta nini. Kwa anayetaka balungi waziwazi, hata hivyo, nakiri kwamba Magnum haitamwingilia.

Usisahau maji. Sifa ya Burton haikutoka kwenye hopsi peke yake, maana maji ya visima vyao yamejaa jasi, na salfeti iliyomo huufanya uchungu uwe mkavu na unaokatika vizuri, wakati kloridi huunyanyua utamu na ulaini wa kimea. Kama maji yako yana madini machache, gramu 5 za jasi katika lita 20 zitaongeza salfeti takriban miligramu 140 kwa lita, na hapo utashangaa jinsi hopsi zilezile zinavyosikika. Uliza kampuni yako ya maji wakupe taarifa ya madini kabla hujatia chochote.

Mama Shayiri (Portland, Oregon)

Ndugu Fundi, asante kwa suala la mwinuko. Nimepika miaka mingi karibu na usawa wa bahari na sikuwa na sababu ya kulifikiria, nami naliandika kwenye daftari langu leo. Kuhusu Goldings sina ubishi, isipokuwa kwamba mpishi wa mara ya tano hujifunza haraka zaidi anapobadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akishika uchungu usiobadilika kwa Magnum, kila tofauti atakayoinusa itakuwa imetoka kwenye hopsi za mwisho, na pua yake itapata mafunzo safi.

Mchunguzi wa Tacoma

Salamu kwenu nyote. Nami naomba nichangie kuhusu pakiti yenyewe, kwa sababu hata mpango mzuri huharibiwa na hopsi zilizochoka. Huku jimbo la Washington, ambako bonde la Yakima hulima sehemu kubwa ya hopsi zote za Marekani, mavuno huwa mwishoni mwa Agosti na mwezi Septemba, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye pakiti ni wa muhimu kama ile asilimia ya alfa. Usinunue pakiti isiyo na mwaka. Usinunue iliyoning'inizwa ukutani penye joto na mwanga. Asidi za alfa huoza kwa hewa na joto, na mafuta huoza kabla yake. Ukifungua ukakutana na harufu ya jibini, zitupe, hata kama zilikuwa za bei. Zinazobaki zifungie bila hewa na uziweke kwenye friza.

Kuhusu kuchagua kwa pua, nina njia ambayo imenisaidia kuliko maelezo yoyote ya kwenye tovuti za wauzaji. Nunua chupa kadhaa za bia nyepesi isiyo na harufu kubwa, fungua kila moja, tumbukiza vidonge vitatu vya hopsi (hopsi zilizosagwa na kushindiliwa) ya aina moja, ifunike tena upesi na uiache kwenye friji siku tatu. Chuja, kisha unuse moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo niligundua kwamba Centennial, ambayo wengi huieleza kama Cascade yenye nguvu zaidi, kwangu mimi ina ndimu na maua mengi kuliko balungi, kwamba Citra inanukia embe na pasheni, na kwamba Simcoe inanipeleka kwenye utomvu wa msonobari. Mwingine atasikia vingine. Ndiyo maana sipendi kumwambia mtu achague hopsi za harufu kwa majina.

Sasa nije kwenye msesewe, swali ambalo nimefurahi kuliona hapa kwa sababu nami mbege naijua. Usiuchanganye kwa makisio, nakusihi. Uchungu wa gome lile hautokani na asidi kama za hopsi, unatokana na alkaloidi, ambazo ni uchungu tayari kabla ya kuguswa na moto na ambazo zina nguvu katika mwili wa binadamu. Bibi yako alijua kiasi chake kwa mkono uliofundishwa na mikono mingine, kwa gome alilolifahamu na kwa mtungi wa ukubwa uleule. Wewe huna kimoja kati ya hivyo huko Denver. Mbege ibaki na msesewe wake, na shayiri uiungie hopsi.

Mrombo wa Denver

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Maneno kuhusu bibi yangu yamenigusa, na nimeyapokea kama yalivyo.

Mpango wangu ni huu, naomba mnirekebishe kabla ya Jumamosi. Nitachemsha dakika 90 nikianza na lita 2 zaidi. Nitatia gramu 20 za Magnum ya asilimia 12 mwanzoni, gramu 30 za Cascade zikibaki dakika 10, na gramu 40 nyingine kwenye nyuzi 80 kwa dakika 20. Karameli nitaipunguza hadi gramu 150. Nimepata taarifa ya maji, madini yake ni machache, kwa hiyo nitatia gramu 5 za jasi. Nafikiria pia kuloweka gramu 50 za Cascade kwenye ndoo, bia ikiwa imekwisha kuchachuka, ila sijui niziache siku ngapi.

Mchunguzi wa Tacoma

Siku tatu zinatosha. Ukiziacha wiki au zaidi, harufu haiongezeki kwa kiasi cha maana, na ladha ya majani mabichi huanza kuingia. Tumbukiza vidonge bila kumwagamwaga wala kukoroga, kwa kuwa hewa inayoingia hatua hiyo huua harufu uliyoilipia.

Kuna hatari moja ambayo wapishi wa nyumbani huambiwa mara chache. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu ambazo hamira ilikuwa imeshindwa kuzila, na kuzifanya sukari fupi zinazolika. Bia uliyodhani imetulia inaweza kuanza kuchachuka tena, na ukiwa umekwisha kuitia kwenye chupa gesi itazidi na chupa zinaweza kupasuka. Mimi chupa mbili zilipasuka kabatini usiku, na vipande vya kioo tulivikuta upande wa pili wa chumba. Pima kwa hidromita kabla ya kuloweka, pima tena baada ya siku tatu, na upime mara ya tatu baada ya siku mbili nyingine. Usiijaze chupa hata moja mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane.

Na kama una mbwa, masalia ya hopsi usiyatupe uani. Ni sumu kwao.

Fundi Kimea (Leeds, Uingereza)

Mpango ni mzuri, na sina la kurekebisha isipokuwa kwenye zile gramu 30 za dakika 10. Kwa joto la huko kwako zitakupa uchungu mdogo kuliko kikokotoo kinavyosema, pengine IBU 5 badala ya 7 au 8, lakini ladha yake utaisikia. Ziache hapohapo.

Mrombo wa Denver

Mrejesho, baada ya wiki sita. Bia ilitulia kwenye 1.011, kwa hiyo kilevi ni kama asilimia 5. Vipimo vya hidromita vilinichelewesha siku nne, kwa sababu baada ya kuloweka hopsi ilishuka kutoka 1.013, kama Mchunguzi alivyoonya, na kama nisingesoma maneno yake ningekuwa nimekwisha kujaza chupa zote. Uchungu sasa unakuja mara tu baada ya kumeza, unakaa kidogo, kisha unakatika. Harufu ya balungi inatoka kwenye glasi kabla sijaiinua, na mke wangu, ambaye bia hanywi, aliisikia akiwa upande wa pili wa meza.

Nimebakiwa na swali moja. Chupa ya wiki ya pili ilinukia kuliko hii ya leo. Je, ni kawaida?

Mama Shayiri (Portland, Oregon)

Ni kawaida, mwanangu. Harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka, hasa chupa zikikaa mahali penye joto. Zilizobaki ziingize zote kwenye friji leo, uzinywe mapema, na safari ijayo shika Magnum yako vilevile, ila zile gramu 50 za kuloweka uzigawe nusu Cascade na nusu Centennial, utuletee majibu.